Mpira wa Tatu

Mama mdogo alirudishwa wodini akiwa na mipira mitatu. Wa kwanza ulipita puani, wa pili ulikuwa wa mkojo, na wa tatu ulichomoza ubavuni kando ya mshono na kuishia kwenye kichupa cha plastiki chenye maji mekundu. Sisi ndugu tuliojazana kitandani tuliuliza habari za ule wa puani kwa sababu ulimkera, na za ule wa mkojo kwa sababu aliuonea haya. Wa ubavuni hakuna aliyeuulizia. Tuliuchukulia kama nyuzi: umewekwa, utatolewa, si kazi yetu. Tulipoona kichupa kinaning'inia na kumvuta, tulikipandisha juu ya tumbo lake na kukifunika kwa khanga. Kikakaa hivyo siku mbili, mpaka nesi wa zamu ya usiku alipokikuta na kukishusha haraka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza. Nimewauliza manesi, matabibu na madaktari, nimesoma nilichoweza kukipata, na nimekaa kwenye mabenchi ya wodi nyingine na ndugu wa wagonjwa wengine ambao nao hawakuuliza. Ninawaandikia hao, hasa ndugu wa Masasi na Newala, kwa sababu huku kwetu aliyepasuliwa huuguzwa na watu wake. Nesi wa usiku ana wodi nzima mikononi. Anayemwona mgonjwa akigeuka, akikunja uso, akikataa uji, ni binti aliyelala kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Binti huyo akijua cha kutazama, ugonjwa hukamatwa mapema.

Manesi wengi huuita mpira huo dreni. Kidole tumbo kikipasuka, utumbo ukitobolewa na homa ya matumbo, au bandama ikichanika kwa ajali ya bodaboda, tumbo hujaa usaha, kinyesi au damu. Daktari husafisha, hushona, kisha huacha mpira mahali ambapo maji yaliyobaki yatakusanyika, ili yapate njia ya kutoka. Ipo mipira inayonyonya: mwishoni ina kichupa laini kinachominywa hadi hewa itoke, nacho kikijaribu kurudi katika umbo lake huvuta maji. Mingine hainyonyi, inategemea maji yashuke yenyewe hadi kwenye mfuko ulio chini. Upo pia ule wa zamani, kipande bapa chenye mifereji kinachochomoza kwenye ngozi na kumwaga kwenye gozi tu. Na vifaa vikiwa vimekwisha, daktari huweza kutumia mpira uliotengenezwa kwa kazi nyingine, kama ule wa puani, akauunganisha na mfuko wa mkojo. Usishtuke ukiuona, kwani kazi yake ni ileile na uangalizi wake ni uleule.

Kosa letu sasa linaeleweka. Watu wa Newala hawahitaji kufundishwa kwamba maji hayapandi mlima. Bibi zao waliyafuata bondeni kwa miguu na kuyapandisha kwa kichwa, kabla mradi wa maji wa Makonde haujaanza kuyasukuma kwa mitambo. Mfuko ukilazwa juu ya tumbo, maji yanasimama, na yaliyokwisha kutoka huweza kurudi ndani pamoja na vijidudu yalivyovikuta njiani. Kwa hiyo kichupa au mfuko ukae chini ya usawa wa kidonda saa zote. Mgonjwa akilala, ufungwe kwenye chuma cha kitanda, usiguse sakafu. Akisimama au akienda chooni, ubanwe kwa pini kwenye khanga, usawa wa paja, mpira ukiwa na ulegevu wa kutosha asije akauchomoa kwa kugeuka. Na kabla hajakaa au kulala, tazama kama hajaulalia. Mpira uliokunjika ni sawa na mpira uliozibwa.

Mpira ni mlango, na mlango huu haujui kuchagua. Unaotoa usaha ndio unaoweza kuingiza uchafu wa mikono yangu na yako.

Mwaka 2011 watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa. Wagonjwa 65, yaani asilimia 26, walipata maambukizi ya kidonda. Mambo yaliyoambatana na maambukizi hayo yalikuwa pamoja na kuwa na ugonjwa mwingine mwilini, operesheni ya saa 3 au zaidi, uvutaji wa sigara, na kuwekewa mpira. Tusikimbilie kusema mpira ndio mkosaji. Huwekwa zaidi kwa yule ambaye tumbo lake lilikwisha kuchafuka, kwa hiyo sehemu ya lawama ni ya uchafu wenyewe. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizopimwa pamoja juu ya kidole tumbo kilichopasuka hazikuonyesha wazi kwamba mpira huzuia jipu la ndani, na wenye mpira walielekea kukaa hospitali siku nyingi zaidi. Ndiyo maana siku hizi madaktari wengi hawauweki kwa kila tumbo. Ambaye hakuwekewa asione kwamba amepunjwa, na aliyewekewa asitake ukae kwa sababu tu unaonekana kama tiba.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji unasema mambo mawili ambayo ndugu wa mgonjwa anapaswa kuyajua. Kwanza, mpira utolewe hali ya mgonjwa inaporuhusu. Pili, dawa za antibaiotiki za kukinga zisiendelezwe kwa sababu tu mpira bado upo. Swali la asubuhi linatoka hapo. Daktari akifika kwenye raundi, mwamkie, kisha uliza: "Daktari, mpira huu unatutolea nini, na tunatarajia utoke lini?" Hakuna utovu wa adabu katika swali hilo. Nimeliuliza mara nyingi na sijawahi kufokewa. Mara mbili nimeona daktari akisita, akaangalia kichupa, akasema utolewe leo.

Ili swali liwe na uzito, uwe na daftari. La kurasa 40 linatosha. Kila siku saa ileile andika vitu vitatu: kiasi, rangi na harufu. Vichupa vingi vina mistari ya mililita, na kama havina, mwombe nesi akuonyeshe namna ya kupima kwa sirinji au kikombe chenye vipimo. Kama nesi amekufundisha kumwaga mwenyewe, nawa kwanza kwa sabuni, vaa glovu zikiwapo, fungua kizibo bila kugusa mdomo wake, mwaga, kisha kama ni kile kinachonyonya, kiminye hadi kibonyee ndipo ukifunge. Kichupa kilichojaa hewa hakinyonyi kitu. Usingoje kijae hadi juu, kimwage kikifika nusu. Nawa tena. Usimwage chooni kabla nesi hajaona kama kuna jambo lililobadilika.

Rangi inasema mengi. Siku ya kwanza maji huwa mekundu, ya pili na ya tatu huanza kufifia, baadaye hugeuka waridi hafifu na mwisho manjano mepesi kama majani makavu. Kiasi nacho hupungua. Safari ikienda hivyo, mgonjwa anapona. Kinachotakiwa kukufanya uinuke na kumtafuta nesi saa hiyohiyo ni damu mbichi inayotoka ghafla kwa wingi, au rangi ya kijani, ambayo huenda ni nyongo. Vivyo hivyo rangi ya kahawia yenye harufu ya choo, maana yaweza kuwa mshono wa utumbo umeachia, na usaha mzito pale ambapo jana yalikuwa maji. Jambo la mwisho ni lile linalowadanganya wengi: mpira kukauka ghafla huku tumbo likiuma zaidi, homa ikipanda, mgonjwa akijisikia vibaya kuliko jana. Ndugu hufurahi wakadhani amepona. Huenda mpira umezibwa na bonge la damu. Kichupa kitupu si ushahidi kwamba ndani ni safi. Hata mpira unaofanya kazi vizuri hutoa maji ya mahali ulipo tu, na usaha unaweza kujikusanya upande mwingine wa tumbo usiofikiwa nao.

Mpira ukichomoka wenyewe, usiurudishe. Funika tundu kwa gozi safi, uhifadhi mpira ili daktari aone kama umetoka mzima, na umwite nesi. Ukiachana na kichupa mahali pa kuunganishia, ukunje ubane kwa vidole na uite msaada. Kuukamua ili bonge lipite ni kazi ya nesi au ya mtu aliyefundishwa na nesi, kwa mkono mmoja ukishikilia karibu na ngozi usije ukavutika.

Siku ya kuutoa, maji kwa kawaida yamekwisha kupungua. Madaktari wengi hungoja yashuke chini ya mililita 30 hadi 50 kwa siku, ingawa kiwango hutegemea aina ya operesheni na mahali mpira ulipowekwa. Hukatwa uzi mmoja, mgonjwa huvuta pumzi, mpira huvutwa. Kuna maumivu ya kama kuburuzwa kitu ndani, ya sekunde chache. Tundu huachwa bila kushonwa, hutoa maji kidogo kwa siku moja au mbili, kisha hujifunga. Mwambie mgonjwa wako mapema, kwa maana hofu ya siku ile huwa kubwa kuliko maumivu yake.

Wapo wanaoruhusiwa kurudi nyumbani na mpira. Kama ni wako, naomba safari ya kupanda Newala isiwe ya bodaboda. Tafuta gari hata kama itabidi kusubiri siku moja. Mwaga kichupa kabla ya kuondoka, kibane kwenye nguo, na mgonjwa ashikilie khanga iliyokunjwa juu ya tumbo kila gari likiruka. Njia hiyohiyo ya khanga itamsaidia akikohoa au kucheka. Na akohoe. Avute pumzi ndefu, atembee polepole kuanzia siku daktari atakaporuhusu. Anayelala chali wiki nzima kwa kuogopa mshono huharibu mapafu yake.

Usafi wa mikono una historia huku kwetu. Mwaka 1935 alifika Masasi daktari mpasuaji Mwingereza, Leader Stirling, kwa ajili ya misheni ya Kianglikana ya UMCA. Alifanya kazi Lulindi hadi 1949, baadaye akahamia kwa Wabenediktini wa Mnero, na wengi wanamkumbuka kama Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Lulindi aliyoianzia ilikuwa hospitali ya udongo na nyasi. Penisilini ilikuwa haijafika kwa wananchi popote duniani. Mpasuaji wa zama zile alikuwa na vifaa vilivyochemshwa, nguo zilizochemshwa, na mikono iliyosuguliwa kwa sabuni na brashi. Mimi humtaja Stirling kila ninapomsikia ndugu wa mgonjwa akisema, "Anachoma sindano za nguvu, hata tusiponawa hakuna shida." Watu walipona huku kwetu kwa mikono misafi kabla hazijakuwapo sindano hizo.

Na elimu ya leo inarudi palepale. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 13,000 katika nchi 7, Rwanda ikiwamo, ambao matumbo yao yalipasuliwa. Upande mmoja, timu ya chumba cha upasuaji ilivua glovu na kuchukua glovu mpya na vifaa vipya kabla ya kushona tumbo. Upande mwingine waliendelea kama kawaida. Maambukizi yalikuwa asilimia 18.9 kwa kawaida na asilimia 16.0 kwa waliobadilisha. Glovu mpya na vifaa vipya tu, hakuna dawa mpya hata moja.

Najua ugumu uliopo. Uwandani, kwenye kijiji ambacho bomba linatoa maji kwa zamu, ndoo ina bei, na anayemuuguza mgonjwa huhesabu maji ya uji, ya kufua na ya kuoga. Mikono ndiyo inayodhulumiwa. Hapo kibuyu chirizi kinaokoa: dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo juu, limening'inizwa kwenye mti, kamba imefungwa kwenye kijiti cha kukanyagia, sabuni ikining'inia pembeni ndani ya soksi au wavu. Maji yanayotiririka kidogo husafisha mikono kuliko beseni moja wanamonawa watu sita. Kitundikwe kwenye mlango wa chumba cha mgonjwa, si nyuma ya choo tu, ili kila anayeingia kumpa pole anawe kwanza. Wageni wakae kwenye mkeka au kiti, si kitandani. Mjomba akitaka kufunua bandeji aone kama daktari alishona vizuri, mwombeni kwa heshima asifunue.

Kwa ambaye hajapasuliwa bado, na operesheni imepangwa: aoge mwili mzima kwa sabuni usiku ule au asubuhi yake, na asijinyoe tumbo kwa wembe nyumbani. Wembe huacha michubuko midogo ambayo vijidudu huishi ndani yake. Kama nywele lazima ziondolewe, hospitali watazipunguza kwa mashine. Antibaiotiki ya kukinga hutolewa kabla ya kisu kugusa ngozi, ndani ya dakika 120. Huko Thika, Kenya, hospitali ilipohamia kwenye dozi ya kabla ya operesheni badala ya kumpa mgonjwa dawa za siku nyingi baadaye, maambukizi ya juu ya kidonda yalipungua. Usione umeonewa ukiruhusiwa kurudi nyumbani bila mfuko wa dawa. Lakini ambaye tumbo lake lilikuwa na usaha tangu mwanzo ni mgonjwa wa maambukizi, huyo hupewa dozi ya kutibu na lazima aimalize.

Sasa nyumbani, ambako naamini ndiko vita vyenyewe vilipo. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, waliwafuatilia wagonjwa 396 wa upasuaji. Waliopata maambukizi ya kidonda walikuwa 77, na kati yao 28 walionekana kuwa nayo baada tu ya kutoka hospitali. Yaani zaidi ya theluthi moja waliaga wodi wakiwa wazima machoni pa kila mtu. Kwa kipimo cha wataalamu, kidonda cha upasuaji hulindwa siku 30. Kwetu tulihesabu kwa korosho: kila asubuhi baada ya kukitazama kidonda, korosho moja iliwekwa kwenye bakuli dirishani. Watoto walipewa kazi ya kuzihesabu, na wao ndio waliotukumbusha siku mbili tulizotaka kusahau.

Vitabu vingi husema kidonda chenye maambukizi huwa chekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa. Tazama kama ngozi ya kando ya mshono inang'aa na kuvutika, kama imekuwa nyeusi zaidi kuliko jirani yake. Weka mgongo wa mkono uliooshwa karibu nayo, kisha upande mwingine wa tumbo, ulinganishe joto. Bonyeza taratibu pembeni uone kama pamekuwa pagumu kama ndizi mbichi. Maumivu yaliyokuwa yanapungua yakianza kuongezeka siku ya nne, ya saba, ya kumi, hiyo ni habari hata kabla usaha haujatoka. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni habari. Huku kwetu homa yoyote huitwa malaria na mgonjwa hununuliwa dawa mseto dukani. Apimwe malaria, sawa, lakini aliyepasuliwa ndani ya siku 30 arudi kwa waliompasua au kituo kilicho karibu, na aseme neno "operesheni" mlangoni kabla ya kusema homa.

Jipu la ndani lina ujanja zaidi, kwa sababu mshono wa nje unaweza kuwa umepona vizuri. Homa inayopanda jioni na kushuka asubuhi, kukosa hamu ya kula, kwikwi isiyoisha, maumivu ya bega ambalo halikuumia, kuharisha kamasi na kujisikia haja kila mara, tumbo kujaa. Hayo kwa aliyekuwa na kidole tumbo kilichopasuka au utumbo uliotoboka ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, ikiwezekana penye kipimo cha altrasaundi.

Kuna la haraka kupita yote. Kati ya siku ya tano na ya kumi hivi, kidonda kilichokuwa kikavu kikimwaga ghafla maji mengi ya rangi ya waridi, huenda nyuzi za ndani zimeachia na tumbo linakaribia kufunguka. Mlaze mgonjwa na magoti yakiwa yamekunjwa. Utumbo ukitokeza, usiurudishe kwa mkono. Funika kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, asile wala kunywa, na mtafute gari, iwe mchana iwe usiku.

Katika siku za kawaida kidonda kilichofungwa kwa nyuzi hakihitaji chochote zaidi ya kuachwa. Siku mbili za kwanza kibaki kimefunikwa na kikavu. Baada ya hapo, daktari akiruhusu, mgonjwa aweza kuoga maji ya kumwagia na kukausha kwa kugusisha kitambaa safi bila kusugua. Hapa ndipo mikono ya upendo inapoharibu. Nimeona kidonda cha mgonjwa kikiwa kimepakwa majivu, na kingine kikimiminiwa unga uliotolewa kwenye kapsuli za antibaiotiki ziitwazo rangi mbili. Unga ule hauui vijidudu vya chini ya ngozi, unagandana na majimaji na kuwa kifuniko ambacho usaha hujificha chini yake. Spiriti na Dettol isiyochanganywa na maji huunguza nyama changa inayojaribu kuota. Mafuta ya ganda la korosho, kila aliyebangua anajua yanavyofanya ngozi ya vidole, yasikaribie mshono wa mtu.

Rangi mbili za kumeza, zinazonunuliwa nusu dozi duka la dawa muhimu, ni ubaya wa namna nyingine. Katika utafiti ule wa Bugando, vijidudu vya E. coli vilivyopatikana kwenye vidonda vya wagonjwa 14 vilikuwa sugu kwa kundi kubwa la antibaiotiki kwa wagonjwa 9, na vile vya Klebsiella kwa 8 kati ya 10. Kila nusu dozi inavipa mafunzo zaidi.

Chakula: yale maneno kwamba mayai na samaki huleta usaha yaachwe. Nyama mpya hujengwa kwa mbaazi, kunde, dagaa, mayai na korosho zenyewe, na embe au bibo likiwapo, ale. Pombe, iwe uraka au gongo, isubiri, na sigara isirudi kabisa. Mwenye kisukari apimwe sukari mara kwa mara, anayetumia ARV asikatishe hata siku moja. Kutwanga, ndoo ya lita 20 na kupanda mikorosho ni baada ya wiki sita au daktari atakavyosema, na msimu wa kupulizia salfa asiwe shambani na kidonda kibichi.

Nina jambo moja zito la kuwaambia wajomba, nikiwaheshimu. Kwa desturi yetu neno la mjomba husubiriwa. Mama mdogo aliumwa tumbo siku tatu kabla ya kupelekwa hospitali, kwa sababu mjomba alikuwa safarini na malipo ya korosho yalikuwa hayajatoka. Katika siku hizo tatu kidole tumbo chake kilipasuka. Mpira wa tatu, siku kumi na moja za wodi na kidonda kilichokuja kuoza vilianzia hapo, si mkononi mwa daktari. Mtu mzima mwenye fahamu zake anaweza kutia saini yake mwenyewe. Mjomba apigiwe simu mgonjwa akiwa njiani.

Kidonda chake kilianza kubadilika siku nne baada ya kurudi nyumbani, bakuli la dirishani likiwa na korosho kumi na tano, maana tulihesabu tangu siku ya operesheni. Upande wa chini wa mshono ulikuwa na joto na umekuwa mgumu. Hapakuwa na usaha. Baadhi yetu tukasema tungoje kesho. Binti yake hakukubali. Tulikuwa tumekwisha kuweka nauli kwenye kopo la maziwa ya unga na namba ya dereva imeandikwa nyuma ya daftari, kwa hiyo hatukuwa na cha kujadili sana. Tabibu alikata nyuzi tatu, usaha ukatoka wa kujaza kikombe cha kahawa, na homa ikashuka usiku uleule.

Hakushonwa tena. Nilidhani wamemtelekeza, mpaka nesi aliponieleza kwamba kidonda kilichotoka usaha kikifungwa juu, kitafungia uchafu chini. Kinaachwa wazi ili nyama iote kutoka chini kuja juu, na kila siku huwekwa gozi iliyolowanishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali. Kila asubuhi alitembea hadi zahanati akiwa na daftari lake chini ya kwapa. Ilichukua wiki tano. Mshono wake leo ni mwembamba upande wa juu na mpana kama kidole upande wa chini, na ubavuni pana kijitundu kilichofungika, kidogo kama alama ya chanjo begani.